Tiketi kwa Ushindi Mmoja: Kisa cha Korea Kusini kwenye Mchujo wa Olimpiki, Belgrade 2020

Kisa hiki kinahusu timu ya mpira wa kikapu ya wanawake iliyofuzu Olimpiki, na bado kocha wake hakuongezewa mkataba. Majina ya kocha na wachezaji nimeyaacha kwa makusudi, kwa kuwa somo halimo kwenye majina. Mataifa na matokeo nimeyataja kwa sababu ni kumbukumbu ya umma, na bila matokeo hesabu ya kisa hiki haieleweki.

Usuli

Mpira wa kikapu wa wanawake ulikuwa na nafasi 12 kwenye Olimpiki ya Tokyo. Mbili zilikuwa na wenyewe tayari: Japan kama mwenyeji na Marekani kama bingwa wa dunia wa 2018. Kumi zilizobaki ziliamuliwa kati ya tarehe 6 na 9 Februari 2020 katika makundi manne ya timu nne nne. Japan na Marekani nazo zilicheza, ingawa tiketi zao zilikuwa mfukoni. Katika makundi ambayo hazikuwamo, timu tatu kati ya nne zilifuzu.

Hebu tulitazame kundi la namna hiyo. Timu nne, kila moja michezo mitatu, na anayeachwa ni mmoja tu. Hapo swali la kocha linageuka. Hatafuti jinsi ya kuwa wa kwanza, anatafuta jinsi ya kutokuwa wa mwisho, na mtu anayetafuta kutokuwa wa mwisho hupanga mambo yake tofauti kabisa.

Korea Kusini iliangukia kundi la China, Hispania na Uingereza. Kundi hilo lilipangwa kuchezwa Foshan, kusini mwa China, lakini mwishoni mwa Januari virusi vya korona vilishatibua kila kitu huko na michezo ikahamishiwa Belgrade, Serbia. China ikapoteza uwanja wa nyumbani. Waliobaki wakabadilisha safari zao dakika za mwisho.

Hispania ilikuwa bingwa wa Ulaya mara mbili mfululizo, 2017 na 2019, na fainali ya 2019 iliishindia Belgrade hapo hapo. China ilikuwa na warefu wa kutosha kuwatesa wote waliobaki. Uingereza ilikuwa imetoka kumaliza ya nne Ulaya mwaka uliotangulia, jambo ambalo haikuwahi kulifikia. Korea yenyewe ni nchi yenye historia kubwa kwenye mchezo huu, medali ya fedha ya Los Angeles 1984 ikiwemo, lakini mara ya mwisho kuonekana kwenye Olimpiki ilikuwa Beijing 2008. Kizazi kizima cha wachezaji kilikuwa kimepita bila kukanyaga huko. Novemba 2019, kwenye hatua ya awali iliyochezwa New Zealand, Wakorea waliifunga China 81-80, kwa hiyo walijua kwamba siku zao zikiwa nzuri wanaweza. Walijua pia kwamba siku hizo haziji kwa kuitwa.

Siku nne

Tarehe 6, mchezo wa kwanza. Korea ililala mbele ya Hispania kwa 46-83, tofauti ya pointi 37. Siku hiyo hiyo China iliifunga Uingereza 86-76.

Tarehe 8 ndiyo siku ambayo Korea nzima ilikuwa ikiingoja. Wakorea walianza kwa kasi dhidi ya Uingereza, mitupo ya pointi tatu ikaingia, na mchezaji mmoja peke yake akafunga pointi 26. Pengo likapanuka hadi zaidi ya pointi 15. Kisha robo ya nne ikawa jinamizi. Miguu ilikwisha, mipira ikapotea, Waingereza wakala pengo kidogo kidogo hadi ikabaki pointi moja. Korea ikaponea chupuchupu, 82-79.

Karatasi ya mchezo huo inastahili kusomwa polepole. Mchezo wa kikapu una dakika 40 na wachezaji watano uwanjani, yaani dakika 200 za kugawa kwa watu 12. Kocha alizigawa kwa watu sita. Watatu walicheza dakika zote 40 bila kukaa hata mara moja. Wawili walikaribia 40. Wa sita alipewa makombo. Sita wengine walivaa jezi, wakapasha misuli, wakaketi.

Siku hiyo hiyo ya tarehe 8 China iliifunga Hispania 64-62. Nje ya kundi hilo wachache waliyatilia maanani matokeo hayo. Nitayarudia, kwa sababu kisa chote kinageukia hapo.

Tarehe 9, usiku mmoja tu baada ya dakika 40 za kukimbizana, Korea ilikutana na China. Ilifungwa 100-60. Miezi mitatu nyuma timu hizi zilitenganishwa na pointi moja, na Korea ndiyo iliyokuwa juu.

Kukabaki Hispania na Uingereza. Hispania ilishinda 79-69. China ikamaliza na ushindi mara tatu, Hispania mara mbili, Korea mara moja, Uingereza haikushinda hata mmoja. Korea imefuzu.

Maamuzi na sababu zake

Benchi la ufundi lilifanya maamuzi matatu, na kila moja lilikuwa na mantiki yake.

La kwanza ni kuchagua mchezo. Katika kundi la nne wanaofuzu watatu, yule unayelingana naye ndiye mpinzani wako halisi. Korea na Uingereza zilikuwa jirani kwenye orodha ya ubora ya FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu, Hispania na China zikiwa mbali juu. Kwa hiyo nguvu, mbinu na matumaini yote vikawekezwa kwenye tarehe 8. Mchezo wa Hispania ukachukuliwa kama deni ambalo halilipiki.

La pili ni kumtegemea anayeaminika. Kocha alijitetea baadaye kwamba ule ulikuwa mchezo wa kufa au kupona, na kwenye mchezo wa namna hiyo hujaribu watu. Utetezi huu haupaswi kudharauliwa. Kocha yeyote aliyewahi kuongoza kwa pointi 10 huku msaidizi wake akimnong'oneza "mtoe, amechoka" anaijua hofu ya kumtoa mfungaji wake na kuona pengo likiyeyuka ndani ya dakika mbili.

La tatu halikuwa uamuzi wa siku moja, lilikuwa la wiki nyingi nyuma, nalo ni maandalizi. Timu haikupata michezo ya kirafiki ya maana dhidi ya wapinzani wa kigeni kabla ya kusafiri. Hili naliweka kwenye maamuzi kwa sababu ndilo lililozaa la pili. Mchezaji wa nane au wa tisa ambaye hajawahi kupambana na mwanamke wa Ulaya mwenye urefu wa karibu mita mbili, hutamwingiza kwa mara ya kwanza robo ya nne mbele ya Uingereza. Shirikisho ndilo linalotafuta michezo ya kirafiki. Kocha ndiye anayeulizwa kwa nini hakubadilisha wachezaji.

Yaliyofuata

Waliporudi nyumbani hapakuwa na shangwe iliyotarajiwa. Mmoja wa nyota wa timu alizungumza wazi na waandishi wa habari kuhusu maandalizi duni, na hoja ya wachezaji kuchakazwa ikatawala magazeti. Mkataba wa kocha ulikuwa unaisha, na kabla Februari haijaisha shirikisho likaamua kutouongeza. Hebu fikiria: kocha amevunja ukame wa miaka 12, na wiki mbili baadaye hana kazi.

Olimpiki ikaahirishwa hadi 2021. Mapema mwaka huo timu ikakabidhiwa kwa kocha mwanamke, aliyewahi yeye mwenyewe kuichezea timu ya taifa. Huko Japan Wakorea wakakutana tena na Hispania, wakafungwa 73-69. Wakafungwa na Canada 74-53, kisha na Serbia, bingwa mpya wa Ulaya, 65-61. Hawakushinda mchezo hata mmoja. Lakini dhidi ya Hispania ile ile pengo la 37 lilishuka hadi 4.

Sitaki kudai kwamba tofauti hiyo yote imetokana na kubadilisha kocha. Kulikuwa na muda wa kujiandaa, na wapinzani nao walibadilika. Inatosha kusema kwamba lile deni lisilolipika halikuwa kubwa kama lilivyodhaniwa Belgrade.

Uchambuzi: hesabu iliyosahauliwa

Mjadala wa Korea ulihusu uchovu: je, ni haki kumchezesha mtu dakika 40? Ni mjadala halali, lakini kwa maoni yangu uliiacha nje hatari kubwa zaidi, ile ya kwenye karatasi.

Mpango ulisema: tukiifunga Uingereza tumepita. Je, ni kweli? Timu mbili zikilingana, kanuni za FIBA zinaangalia mchezo waliokutana, na Korea ingekuwa juu ya Uingereza. Kwa hiyo mpango ulikuwa sahihi, mradi watakaolingana ni wawili. Hapo ndipo ile 64-62 ya China inapoingia. Kama Hispania ingeifunga China siku ile, basi hata Uingereza ikiifunga Hispania tarehe 9, Korea na Uingereza zingelingana peke yao na Korea ingepita. China ilipoishinda Hispania kwa kikapu kimoja, mlango mwingine ulifunguka: Uingereza ikiifunga Hispania, timu tatu zinakuwa na ushindi mmoja mmoja. Korea imeifunga Uingereza, Uingereza imeifunga Hispania, Hispania imeifunga Korea. Duara. Na duara likitokea, kinachotazamwa ni tofauti ya pointi katika michezo ya hao watatu wao kwa wao.

Korea ingekuwa na jumlisha 3 kutoka kwa Uingereza na kutoa 37 kutoka kwa Hispania. Jumla ni kutoa 34. Ya mwisho, nyumbani.

Kuna jambo la kutisha zaidi ndani yake. Korea ilipokwisha kufungwa na China, Hispania haikuwa na haja ya kuifunga Uingereza. Ikiwa na zile jumlisha 37 mkononi, hata ingefungwa na Waingereza kwa pointi 70 ingebaki juu ya Korea na kufuzu. Yaani kipigo cha siku ya kwanza kiliipa Hispania ruhusa ya kupoteza siku ya mwisho. Hispania ingeweza kuwapumzisha nyota wake wote na pasiwe na wa kuilaumu. Walicheza kwa heshima na wakashinda kwa 10, Korea ikafuzu kwa hisani ya watu wasiokuwa na deni nayo. Mtegemea cha ndugu hufa maskini, na hapa Hispania hata undugu haukuwepo.

Hesabu ya hali hii ni nyepesi, na kocha yeyote anaweza kuiandika kwenye kiganja. Chukua tofauti ambayo Korea iliifunga Uingereza, izidishe mara mbili. Jibu lazima lizidi jumla ya tofauti ambayo Korea ilifungwa na Hispania na ile ambayo Uingereza ingeifunga Hispania. Kwa matokeo halisi, mara mbili ya 3 ni 6, na upande wa pili tayari kuna 37. Haifiki hata karibu.

Sasa jaribu kubadilisha namba. Tuseme Korea ingelinda pengo lake robo ya nne na kushinda kwa 15. Mara mbili ni 30, bado chini ya 37. Tuseme badala yake ingefungwa na Hispania kwa 20 tu lakini ikashinda kwa 3 vile vile: 6 dhidi ya 20, bado. Unganisha yote mawili, kufungwa kwa 20 na kushinda kwa 15, na mizani inageuka: 30 dhidi ya 20, na Uingereza ingelazimika kuwafunga mabingwa wa Ulaya kwa pointi 10 au zaidi ndipo iitikise Korea. Jambo moja peke yake lisingetosha. Uzembe wa siku ya kwanza na kuishiwa pumzi siku ya pili vilikuwa tatizo lile lile, ingawa magazeti yaliviandika kama habari mbili.

Halafu tazama kichekesho cha hesabu hiyo. Kipigo cha pointi 40 kutoka kwa China, kilichowakasirisha mashabiki kuliko vyote, hakikuwa na uzito wowote katika duara hilo, kwa kuwa China haikuwamo. Ungelazimika kuchagua mchezo wa kupumzisha watu na kufungwa vibaya, huo ndio ulikuwa mchezo wake. Wao walifungwa vibaya mara mbili, na ile ya kwanza ndiyo iliyokuwa ghali. Ni kweli kwamba asubuhi ya tarehe 6 hakuna aliyejua China ingeishinda Hispania. Lakini kwa sababu hiyo hiyo hupaswi kuruhusu pengo la 37 siku ambayo hujui chochote. Unapokuwa hujui ni mchezo upi utakaohesabiwa, kila pointi ina bei.

Kufungwa vizuri

Kufungwa vizuri ni ufundi, nao haufundishwi vya kutosha. Timu dhaifu ikikutana na kubwa, njia rahisi ya kupunguza pengo ni kupunguza idadi ya mashambulizi. Una sekunde 24 kwa kila shambulio, zitumie. Usikimbilie mtupo wa sekunde ya saba. Baada ya kutupa, wawili warudi nyuma mara moja badala ya wanne kugombea ribaundi, yaani mpira unaorudi mtupo ukikosa, maana vikapu vya kushtukizwa ndivyo vinavyogeuza 18 kuwa 37. Na kazi hii haihitaji nyota. Mchezaji wa nane na wa tisa wanaweza kuifanya, tena ndiyo shule yao: wanapata dakika mbele ya mabingwa wa Ulaya, na siku mbili baadaye kocha ana watu wa kuwaita.

Hapo ndipo benchi na tofauti ya pointi vinapokutana. Watu wawili tu wa akiba, kila mmoja dakika tano au sita mwishoni mwa robo ya kwanza na katikati ya ya tatu, wangewapa wale watatu wa dakika 40 pumzi ya robo ya nne. Ndiyo, pengo lingeweza kupungua wakati huo. Lakini lilipungua hata hivyo, tena wakati mbaya kuliko wote.

Sitaki ionekane kwamba kila kitu kilikwenda kombo. Kuchagua Uingereza kama shabaha kulikuwa sahihi, na wachezaji waliingia na imani ambayo haikuonekana dhidi ya Hispania. Mitupo yao ya mbali haikuwa bahati, maana kwa miaka mingi Korea imejenga mchezo wake juu ya mitupo ili kufidia urefu. Na mwishoni, miguu ikiwa imekwisha, walilinda pointi moja mbele ya timu yenye nguvu kuliko wao. Hilo ni la wachezaji wenyewe.

Wengine walivyofanya wiki hiyo hiyo

Korea haikuwa peke yake kufuzu kwa ushindi mmoja. Huko Bourges, Ufaransa, Puerto Rico iliifunga Brazil 91-89, ikapoteza michezo mingine yote, na ikaenda Olimpiki kwa mara ya kwanza. Nao waliponea kwenye tundu la sindano, ila mchezo wao wa maisha ulikuwa wa kwanza, wakiwa na miguu mipya.

Nigeria ndiyo ya kuitazama zaidi. Ilikuwa Belgrade pia, kundi la Marekani, Serbia na Msumbiji. Iliisumbua Marekani hadi mwisho na kufungwa 76-71 tu, ikapoteza pia kwa Serbia, lakini Msumbiji iliifunga 85-51. Ushindi mmoja, kama Korea. Lakini Nigeria ilipigania kila mchezo, na mchezo wake wa maisha iliumaliza kwa tofauti ya 34. Hawakuhitaji hisani ya yeyote.

Kwa makocha wa Kanda ya Tano ya FIBA Afrika, ambako Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na jirani zao hukutana kwenye mashindano ya siku chache na nafasi za kufuzu ni za kuhesabu, hali kama hii haiko mbali. Ratiba ikitoka, chora jedwali la matokeo yote yanayowezekana, pamoja na yale ambayo hakuna anayeyaamini. Mpe msaidizi mmoja kazi ya kulisahihisha kila mchezo unapoisha, ukiwemo mchezo ambao ninyi hamchezi. Jioni ya tarehe 8 mtu mwenye jedwali hilo mkononi angejua, kabla ya chakula cha usiku, kwamba ushindi wa 82-79 haujatosha na kwamba sasa njia salama ni kuifunga China. Angeweza kumwambia kocha wake hivyo. Ila wale watatu wangekuwa wameshacheza dakika 40, na basi la kwenda uwanjani lilikuwa la kesho yake.